Khanga Katikati ya Injini

Kama umesoma shule ya msingi hapa Mpanda, kaptula yako ya kwanza huenda alikushonea Makarius wa Nsemulwa, na huenda ilikubana. Ulipomwambia inabana, alikujibu umenenepa. Ndivyo alivyo. Mkewe Restituta, aliyekaa naye mpaka mvi zimemkuta humo humo, anaapa kwamba hajawahi kusikia neno "nimekosea" likitoka kinywani mwa mumewe. Amesikia "cherehani imekosea." Amesikia "kitambaa kimekosea." Jumapili moja, wanatoka misa, alisikia "padri leo amekosea," na hapo akamwomba ashushe sauti.

Mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye aliyeamua kubadilisha mkanda wa taimingi wa gari la turbo nyumbani kwake, uani, kati ya jiko na banda la kuku.

Gari lenyewe ni Subaru ya kijivu aliyouziwa na afisa mmoja aliyehamishiwa mkoa mwingine. "Ina turbo hii," alimwambia kila mteja aliyekuja kupimwa suruali, hata wale ambao hawakuuliza. Ukimwuliza turbo ni nini, anakuambia ni kitu kinachopuliza. Kinapuliza nini? "Kinapuliza, bwana! Geuka nikupime kiuno." Lakini sauti yake alikuwa anaijua. Likikata kona ya kuja kwake linavuma halafu linapiga mluzi, na Restituta anaweka chai mezani.

Sasa lazima nikueleze habari za ukwe wa nyumba ile, la sivyo hutanielewa huko mbele. Mwaka jana mtoto wao Elia, dereva wa lori la mahindi la kwenda Tunduma, alioa binti wa Ikola, kule ziwani, anayeitwa Queen. Elia muda mwingi yuko barabarani, kwa hiyo bibi harusi anaishi na wakwe zake. Na Makarius ni Mkonongo wa kizamani. Kwake yeye baba mkwe na mkamwana wanaheshimiana mpaka inachosha. Hawapeani mikono, hawali chombo kimoja, hawaangaliani usoni. Wakikutana kwenye ujia, mmoja anarudi nyuma. Na hawasemeshani. Makarius akitaka kusema neno anasema, "Mama Elia, mwambie mkwe chai ilikuwa nzuri." Queen yuko pale pale, amesikia kila kitu, ila anangoja Restituta ageuke na kumwambia, "Baba anasema chai ilikuwa nzuri." Ndipo anapiga goti na kunong'ona jibu sikioni kwa mama mkwe.

Haya, fikiria. Makarius alimwomba Mungu binti kwa miaka mingi, akapewa Elia peke yake. Leo binti yumo ndani ya nyumba, anafagia, anapika dagaa wa kwao mpaka majirani wanakuja kuazima chumvi wasiyoihitaji, na mwenye nyumba hajui hata sauti yake ikoje. Alimpenda yule mtoto, na ilimuuma kwamba hakuwa na njia ya kumwonyesha. Njia aliyoipata ni kumshonea magauni. Vipimo alivileta Restituta kwa kamba. Magauni yalimbana yote.

Siku ya harusi Makarius alisimama mbele ya baba yake Queen, mzee Damiano, mchuuzi wa dagaa, akatamka watu wakisikia: "Mavuno yakiisha nitamleta mwenyewe aje awasalimie, kwa gari yangu. Hatapanda lori la mizigo." Wakapiga vigelegele. Siku ikapangwa, Jumapili, Ikola yote ikajua. Na nyie mnajua mkamwana asipoletwa kusalimia kwao siku iliyosemwa watu wanasemaje: anateswa, wamemfanya hausigeli, hawamthamini. Zaidi ya hayo Makarius alikuwa na hofu yake mwenyewe ambayo hakumwambia mtu. Queen alikuwa kimya mno. Hacheki, haimbi, hajibizani na mtu. Aliogopa kwamba akishafika kwao, akakaa jikoni na mama yake akalia machozi yake yote, hatarudi.

Wiki ile ya safari, Hezron, fundi wa magari anayezijua Subaru hapa mjini, alikuja kulikagua. Akafungua kava la mbele, akamulika kwa simu, akaguna.

"Mzee, usiiwashe tena hii."

"Kwani ina nini?"

"Mkanda wa taimingi umechanika. Ona nyuzi hizi. Huu ndio unaopatanisha mashine, valvu zipande wakati pistoni zinashuka. Ukikatika, vinagongana humo ndani, na utakuwa umebaki na banda la kuku la bati zuri."

Mkanda mpya wa akiba ulikuwepo, Makarius alishauagiza Dar ukaja kwa basi. Tatizo ni kwamba Hezron jioni ile ile alipigiwa simu ya msiba Sumbawanga. Alisema akirudi ataufunga. Atarudi lini? Baada ya kuanua tanga. Makarius akahesabu moyoni, akaona Jumapili inapita.

"Tupande basi tu, baba Elia," Restituta akamwambia. "Au twende na lori, kwani tutakufa?"

"Nimewaambia watu gari yangu."

"Na fundi hayupo."

"Fundi ni mimi," Makarius akasema, akajigonga kifuani. "Mkanda ni mkanda, mama Elia. Mikanda ya vyerehani nimebadilisha tangu hujaolewa."

Jirani yake, Manyanda, alikuwa anasikiliza kwa upande wa pili wa ua. Huyu ni Msukuma mwenye mashine ya kusaga, na ni mtani wa Makarius, kwa hiyo ana ruhusa ya kumwambia jambo lolote wakati wowote bila kukasirikiwa. Ruhusa hiyo anaitumia kila siku ya Mungu.

"Mtani!" akapaza sauti. "Ukimaliza kuishona hiyo Subaru, usisahau kuiwekea mifuko ya nyuma!"

Alhamisi Makarius alifunga duka. Akatandika turubai, akapanga spana alizoazima, akaweka simu juu ya tofali na kufungua video ya jamaa mmoja mnene anayebadilisha mkanda wa gari kama lile. Jamaa alikuwa anaongea lugha ambayo si Kiswahili, si Kiingereza, wala si Kirundi. Kuna mahali alisimamisha kazi, akawa anaonyesha puli, kile kigurudumu kinachozungushwa na mkanda, kwa kidole na kusema maneno mengi kwa ukali. Makarius akadhani analalamikia uchafu.

Akaanza kufungua. Akafungua vilivyohitaji kufunguliwa na vingine visivyohusika kabisa, kwa vile bolti zake zilikuwa zimekaa vizuri. Mdomo wa turbo akauziba kwa kipande cha kitambaa cha sare. Kuna kile kidude kinachosukuma mkanda ukaze, wanakiita tensheni, lazima ukiminye kwa nguvu kirudi ndani halafu ukichomeke pini kisifyatuke. Pini hakuwa nayo, akachomeka sindano ya kushonea maturubai. Ikakaa sawasawa. Hapo akajisikia mhandisi.

Na alama je? Hilo ndilo alilojivunia kuliko yote. Alichukua chaki yake ya kushonea, ile bapa ya bluu, akachora mistari: mmoja kwenye puli, mmoja kwenye mwili wa injini, inatazamana. Puli zote. Mkanda mpya ukivaa, mistari itazamane vile vile. Hata ukilitoa gari ukaweka suti, kazi ni hiyo hiyo.

Basi akauvua mkanda wa zamani. Puli moja ya upande wa kushoto ikasema kra! na kuruka yenyewe, kwani humo ndani zimo springi zinazoisukuma. Makarius akaidaka kwa kiganja. Alipofungua kiganja, mstari wa chaki ulikuwa kiganjani.

Akatazama huku na huku. Restituta alikuwa sokoni. Queen yuko jikoni, amegeuka. Manyanda anasaga. Kuku mmoja alimwona, lakini kuku si shahidi. Sasa angefanya nini? Nyie mngefanya nini? Msijifanye. Kwenye kitambaa, mstari ukifutika unachora mwingine, na mwenye suruali hajui mpaka akae. Makarius akakadiria kwa jicho, akachora mwingine hapo ilipokuwa inaelekea kuwa, akafunika boneti, akaenda kuoga. Usiku alijigeuza kitandani mpaka Restituta akamwuliza kama kuna kunguni.

Ijumaa ndiyo siku ya mkasa wenyewe. Queen alilelewa na mama anayejua malezi, na mama huyo alimwambia: mwanangu, kwa wakwe jua lisikukute kitandani, na chombo kichafu kisilione jua. Kwa hiyo aliamka kabla ya jogoo kama kawaida yake, akafagia uwanja, akaosha vyungu na sufuria. Alipofika kwenye turubai akakuta vyuma vya baba mkwe vimelala na mafuta meusi, vumbi, na michoro ya bluu bluu kama watoto wamechezea. Akahurumia. Akaleta beseni, sabuni ya unga na stilwaya, akasugua kimoja kimoja mpaka kinang'aa. Boneti nayo haikuwa imefungwa, imeegeshwa tu. Akaifunua, akapanda kwenye stuli, akasugua na puli zilizomo ndani, akaona mbona zinapendeza, akazipangusa kwa kitambaa. Alipomaliza akavianika vyuma kwenye kichanja cha vyombo, pamoja na vikombe.

Makarius alitoka na mswaki mdomoni. Akaona kichanja kinameremeta. Akaona tensheni yake imepangwa kati ya bakuli la uji na chujio la chai. Akakimbilia kwenye injini, akachungulia. Chaki hamna. Hata punje.

"Mama Elia!"

Restituta akatoka mbio. Manyanda naye akachomoza kichwa juu ya ua, kana kwamba alilala hapo hapo.

"Alama zangu! Alama zangu zimeoshwa!"

"Mayu!" Manyanda akashika kichwa. "Mtani, huyu mkwe ameosha mpaka akili yako!"

"Queen, mwanangu," Restituta akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni, ambayo ni mbaya kuliko ukali. "Zile chaki zilikuwa kazi ya baba yako. Sasa Jumapili tutakwendaje?"

Queen akapiga magoti pale pale kwenye maji machafu, akafunika uso kwa khanga. Na Makarius, ukimtazama kwa nje, alikuwa mzee aliyeonewa. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mama Elia, mwambie mkwe hakuna shida," kwa ile sauti ambayo kila aliyeisikia alijua shida ipo na ni kubwa. Kisha akaingia ndani kulala, eti kichwa kinamgonga.

Lakini kwa ndani, Mungu anisamehe kwa kumsema, alipumua. Mstari wake wa uongo haukuwepo tena! Gari likifa sasa, halikuuawa na Makarius. Liliuawa na stilwaya. Alilala mchana ule usingizi mtamu ambao hakuupata usiku, na alipoamka akaona aibu kidogo, akala, ikapungua.

Jioni alikuwa amekaa kwenye cherehani akishona pindo. Ukuta wa chumba cha kazi na chumba cha Queen ni mwembamba. Akasikia sauti ya mwanamke asiyemjua. Nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kuita watu walioko majini. Akajiuliza ni mgeni gani amekuja bila kubisha hodi. Kumbe ni Queen, anaongea na mama yake kwenye simu. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake.

"Nitakuja hata kwa lori, mama. Nakuja na sanduku langu lote," alisema. "Nimewaharibia gari. Hapana, hajanigombeza. Angenigombeza ningepumua. Amelala tu na kichwa, mzee wa watu. Mimi sifai huku, mama. Kila nikigusa kitu kinaharibika."

Makarius aliacha kukanyaga cherehani. Moyo ulimwuma, tena sana. Alitaka kuinuka aseme kupitia ukuta, akakumbuka kwamba mkwe hasemeshwi. Alitaka kumwita Restituta apeleke neno, akakumbuka kwamba neno lenyewe itabidi Restituta alisikie kwanza. Basi akakaa. Alipopita ujia akauona mlango wa Queen umefunguka kidogo, na sanduku la bati limefungwa kamba tayari.

Jumamosi aliinuka na nia moja: gari lazima liwake. Akafunua boneti, akainama, na jua likampigia kwenye zile puli zilizosuguliwa. Akaona kitu. Kwenye kila puli, mahali palipokuwa na tope la mafuta gumu kama ugali uliolala, palikuwa na mkato mdogo uliochongwa kwenye chuma chenyewe. Na kwenye mwili wa injini, mkato mwingine. Kiwandani walishaweka alama zao tangu gari linazaliwa. Hapo ndipo alipomkumbuka yule jamaa mnene wa kwenye video na kidole chake.

"Kumbe hakuwa analalamikia uchafu," Makarius akasema peke yake.

Akaizungusha ile puli korofi kwa spana, taratibu, kama unafungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga, mpaka mikato ikatazamana. Shida ni kwamba ukiiachia inaruka tena. Mtu mmoja hawezi kushikilia na kuvalisha mkanda. Akamwita Restituta. Restituta akashika spana, ikamteleza, ikamgonga kidole, akasema maneno ambayo padri asingeyakosea maana yake, akagoma. Akaitwa Manyanda. Manyanda ana nguvu za kutosha kushika trekta, ila kila akimwona mtani wake amevaa tepu ya kupimia shingoni huku ameinamia injini, anacheka, na akicheka anaachia. Kra! Mara ya tatu Makarius akamfukuza.

"Amebaki mtu mmoja," Restituta akasema, akinyonya kidole.

"Haiwezekani. Tutasimama bega kwa bega? Uso kwa uso na mkwe? Watu watasemaje?"

Restituta akaingia ndani akatoka na khanga yake ya NYOTA NJEMA HUONEKANA ASUBUHI, akaifunga kwenye boneti juu, akaishusha katikati ya injini mpaka chini. Ikawa kama pazia la chumba. Injini ya Subaru imekaa kwa pande mbili, puli zake huku na huku, kana kwamba waliotengeneza nao walikuwa wanaogopa wakwe zao. Makarius akasimama kulia. Queen akaletwa ameinamisha kichwa, akasimama kushoto. Manyanda upande wa pili wa ua alikuwa anajifuta machozi.

"Mama Elia, mwambie mkwe akamate hiyo spana, asiiachie."

"Baba anasema kamata, usiachie."

"Amekamata?"

"Si unasikia puli hairuki! Amekamata."

Mkono wa Queen haukutikisika. Makarius akapitisha mkanda chini, akaupandisha, akaupenyeza kwa chini ya khanga kwenda upande wa mkwe, na vidole vyake Queen vikaupokea na kuulaza kwenye puli. Kazi ikaenda. "Mwambie avute." "Vuta." "Mwambie basi." "Basi." Mara harufu ikaja kutoka jikoni.

"Maharage yangu!" Restituta akapiga kelele, akatimua mbio.

Wakabaki wawili na khanga. Makarius alikuwa amekwishaufikisha mkanda mahali pake, anaona mikato ya upande wake imetulia. Sasa ni kuchomoa sindano tu, tensheni ifyatuke, mkanda ukaze. Ikishachomoka, kuirudisha ni kufungua kila kitu upya. Akasema kwa sauti, kama anawaambia kuku, "Haya, nachomoa sindano."

Upande wa pili mtu akakohoa.

"Nachomoa," Makarius akarudia.

Akasikia chuma kinagongwa, ko ko ko. Akachukulia kwamba ni kukubali. Akaishika sindano kwa koleo.

"Baba! Usichomoe! Limeruka jino!"

Koleo likamdondoka. Jogoo alinyamaza. Maskini Queen, nyuma ya khanga, alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono wenye grisi, lakini neno lilikuwa limekwishatoka, na limempiga baba mkwe moja kwa moja bila kupitia popote.

Makarius alitazama mlango wa jiko. Restituta hamna. Akatazama kuku.

"Jino la wapi, mama?"

"La huku kwangu. Mstari uliochorwa kwenye mkanda na huu mkato haikutani. Mkanda umepita jino moja." Akaongeza, "Nyumbani tunashona nyavu, baba. Jicho likirukwa naliona."

Wakalegeza, wakarudisha jino, Queen akisema "bado, bado, hapo," Makarius akijibu "hapo?" na "hapo." Mikato yote ikatazamana. Sindano ikachomolewa, mkanda ukakaza ukawa imara. Makarius akazungusha injini kwa mkono, kwa spana ndefu, polepole, na kila kitu kikapita bila kugonga. Akajiegemeza kwenye gari.

Ndipo sauti ile nzito ikasema, chini chini, "Baba, nisamehe zile chaki."

Angeweza kusema "nimekusamehe." Lilikuwa neno jepesi, lipo tayari mdomoni, na angebaki mzee mwema mwenye subira maisha yake yote. Alilifungulia mdomo kabisa. Halafu akaona kwenye akili yake lile sanduku na kamba yake.

"Mama," akasema. "Zile chaki... ile ya upande wako. Ilifutika siku ya kwanza, mkononi mwangu. Nikachora nyingine ya kubuni. Ungeiacha, ningefunga kwa ile, na leo hii gari ingekuwa imekufa. Wewe umeosha uongo. Nikakuacha upige magoti kwenye maji." Akavuta pumzi kama mtu anayeinua gunia. "Nimekosea."

Sufuria ikaanguka. Restituta alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na maharage yake yaliyoungua, sasa yako chini, na hakuyatazama. Juu ya ua, kichwa cha Manyanda kilikuwa kimechomoza chote na mdomo wazi. Nyuma ya khanga mtu alianza kutoa sauti ambayo Makarius alidhani ni kilio, akaogopa. Haikuwa kilio. Queen alikuwa anacheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka kwa ile sauti ya kuita majini mpaka khanga ikatikisika.

"Mtani!" Manyanda akapata kauli. "Tangu leo wewe ni Fundi Chaki! Nitawaambia mpaka Mishamo!"

"Waambie," Makarius akajibu.

Walipofunga kava zote, na redieta, na vile vitu ambavyo havikustahili kufunguliwa, bolti mbili zilibaki. Hakuna aliyezitolea maelezo. Makarius akaingia, akafanya ishara ya msalaba, akawasha. Likakohoa, likawaka. Akakanyaga kidogo, likavuma, halafu ule mluzi wake ukapanda juu ya mapaa ya Nsemulwa, na Restituta, kwa mazoea, akaenda kubandika chai.

Jumapili asubuhi kila mtu alikuwa amerudi kwenye nafasi yake. Queen alitoka na moja ya yale magauni yanayobana, akapiga goti kando ya njia, akatazama chini. Makarius alisimama nyuma ya gari, suti imenyooshwa, amefungua buti. Alilifagia asubuhi, akatandika gunia safi ili sanduku la bati lisichubuke. Alisubiri liletwe. Alikuwa amejiambia hatasema lolote: mtu ana haki ya kwenda na vitu vyake.

Restituta akaleta dumu la asali ya kumpelekea mzee Damiano. Likawekwa. Queen akaleta kikapu kidogo chenye nguo mbili tatu na kandambili. Kikawekwa. Akafunga mlango wa nyumba, akamkabidhi mama mkwe ufunguo.

Makarius akalitazama gunia lililobaki tupu.

"Mama Elia," akasema, "mwulize mkwe, sanduku je?"

"Mwulize mwenyewe. Si mnaongea nyie?"

Makarius alishika ukingo wa buti akatazama tairi. Queen naye alitazama chini, akazungusha pindo la khanga kidoleni, kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona, "Mama, mwambie baba sanduku limebaki. Hizi nguo zinanitosha mpaka tukirudi."

Restituta akageuka. "Baba Elia, mkwe anasema..."

"Nimesikia," Makarius akasema. Akafunga buti. Akalifungua, akalifunga tena, ingawa mara ya kwanza lilikuwa limefunga vizuri.